Mali Ikishauzwa Hairudishwi

Mstari huo utaukuta chini ya risiti nyingi za Kariakoo, ama umechapwa kwa herufi ndogo, ama umegongwa kwa muhuri uliokaukiwa wino. Umerudiwa mno hadi wanunuzi wengi wanaamini ni sheria ya nchi. Friji ikigoma kugandisha, unasomewa. Pasi ikitoa cheche siku ya pili, unasomewa. Mnunuzi anasema "haya, basi," anaondoka kutafuta fundi. Hasara ndogo humezwa hivyo, na sina ugomvi na mtu aliyeamua kuimeza. Lakini kuna siku bidhaa mbovu haiishii kuharibika yenyewe. Inaondoka na jiko, dari, pengine nyumba nzima, na siku hiyo ule mstari husomwa kwa sauti kubwa zaidi kuliko siku zote.

Tuchukue mfano mmoja twende nao. Mpangaji wa ghorofa ya pili, tuseme Sinza, ananunua ule mpira mfupi unaounganisha bomba la ukutani na koki ya sinki: nje umefumwa nyaya nyembamba zinazong'aa, ndani ni mpira, kila ncha ina nati. Bei ni Sh. 6,000. Fundi anaufunga, anajaribu maji, anachukua hela yake anaondoka. Wiki kadhaa baadaye, usiku wa manane, mtaa umelala, hakuna anayefungua bomba na presha ya maji iko juu, nati moja inapasuka. Hadi adhana ya alfajiri maji yameshatoka jikoni yakaingia sebuleni. Makabati ya MDF yamekunywa hadi yakavimba, na MDF ikishavimba hairudi. Zulia limekwisha, subwoofer iliyokuwa sakafuni imekwisha. Maji yenyewe hayakutosheka; yametafuta upenyo wa kushukia, na jirani wa chini ameamshwa na kipande cha dari ya jipsamu.

Mpangaji anakwenda dukani na nati mkononi. Mwenye duka si mtu mbaya. Anampa pole, anaingia stoo, anatoka na mpira mpya. "Chukua dada yangu, huu sikuuzii, nakupa. Yaishe."

Hayajaisha. Mwenye duka anapima jambo hili kwa bei ya mpira, na ukikubali kipimo chake umeshindwa kabla hujaketi. Sheria haipimi hivyo. Inauliza bidhaa ilifanya nini ilipoharibika, siyo iliuzwa kwa shilingi ngapi.

Tanzania Bara ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo asili yake ni sheria ya Waingereza ya mwaka 1893. Kenya nayo ina ndugu yake wa tumbo moja, Sura ya 31, na kiini chake kiko kifungu cha 16. Wazo lililomo ni jepesi: mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina fulani, akikuuzia, anahesabiwa kuwa amekuahidi kwamba bidhaa hiyo ina ubora unaostahili kuuzwa. Na kama ulimweleza unaitaka kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake kukuchagulia, basi ameahidi pia kwamba itaifanya kazi hiyo. Ahadi hii haihitaji kuandikwa wala kutamkwa. Iko ndani ya mauzo yenyewe.

Kuna jambo hapa ambalo wauzaji hawalipendi, nami naona linastahili kusemwa polepole. Chini ya ahadi hiyo, muuzaji hajitetei kwa kusema hakujua. "Mimi nimenunua kwa boksi, sikuufungua, ningejuaje?" Inawezekana kabisa kwamba anasema kweli. Lakini shauri la mkataba haliulizi nani mzembe, linauliza kama kilichoahidiwa kilitolewa. Muuzaji akishakulipa, yeye naye ana haki ileile dhidi ya aliyemuuzia yeye, jumla au bandarini, na kila mmoja anarudi kwa wa juu yake. Wewe hukumwona mwagizaji wala hukuingia kiwandani. Ulinunua kwake.

Kuhusu kiasi, kifungu cha kushika ni cha 73 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345. Sheria hiyo ilifuata ile ya India ya mwaka 1872, na hata namba ya kifungu ilibaki ileile. Kinasema aliyevunjiwa mkataba alipwe hasara inayotokea kwa kawaida ya mambo kutokana na uvunjaji huo, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali, isiyo na uhusiano wa moja kwa moja, hailipwi. Sasa jiulize: mpira wa maji ukipasuka ndani ya nyumba, kwa kawaida ya mambo kinatokea nini? Maji yanamwagika. Yanaharibu makabati na zulia. Ikiwa ni ghorofani, yanashuka. Hakuna la ajabu hapo, na hakuna muuzaji wa vifaa vya maji anayeweza kusimama mbele ya hakimu akasema hakuwahi kuliwazia. Lakini ukidai kwamba kwa sababu ya usingizi uliokatizwa ulikosa usaili wa kazi ambayo ungeipata, hapo umetoka nje ya uzio.

Kifungu hichohicho kina upande wa pili unaosahaulika. Katika kupima hasara, huangaliwa njia ulizokuwa nazo za kuipunguza. Uliamka, ukaona maji, ukaenda kupiga picha ya kurusha kwenye status kabla ya kufunga koki kuu? Utaulizwa. Uliacha zulia lilowe siku nne ili hasara ionekane kubwa? Utaulizwa pia, na hutapenda sura yako ilivyo wakati unajibu.

Turudi kwenye ule mstari wa risiti. Kwanza, jinsi ulivyo, unazungumzia kurudisha mali. Aliyenunua kitenge cha rangi asiyoipenda mumewe hana haki ya kukirudisha, na hapo mwenye duka yuko sawa. Anayedai fidia ya dari haombi kurudisha kitu. Pili, ni wa saa ngapi? Mnunuzi ameuliza bei, amekubaliana, ametoa hela, ndipo anapewa karatasi. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ililiona jambo hili mwaka 1940 katika shauri la Chapelton dhidi ya halmashauri ya mji wa Barry, huko Wales. Bwana mmoja alikodi viti viwili vya turubai ufukweni, akapewa tiketi, akaitia mfukoni. Alipoketi, turubai likachanika, akaumia. Nyuma ya tiketi halmashauri ilikuwa imechapa kwamba haitawajibika kwa ajali yoyote. Majaji wakasema tiketi ile ilikuwa stakabadhi tu ya hela aliyolipa. Masharti yaliyochapwa juu yake hayakuwa sehemu ya mapatano. Hukumu ya Uingereza haimfungi hakimu wa mahakama ya Kisutu, lakini ni hoja ambayo wakili yeyote wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuitoa na ikasikilizwa.

Kenya wamekwenda mbele zaidi. Sheria yao ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, kifungu cha 5, inasema sharti lolote linalojaribu kufuta au kupunguza ile ahadi ya ubora ni batili, liwe ndani ya mkataba au nje yake. Na juu ya sheria hiyo ipo Katiba ya 2010, ambayo ibara yake ya 46 inampa mtumiaji haki ya fidia kwa hasara au majeraha yatokanayo na kasoro za bidhaa au huduma. Nchi chache zimelipandisha jambo la friji mbovu hadi kwenye Katiba. Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu zinazohusu masharti ya mikataba ya walaji, wajibu wa watengenezaji na usalama wa bidhaa, na ndiyo iliyoiunda Tume ya Ushindani, FCC.

Yote hayo yanamhusu aliyenunua. Na yule wa chini, aliyeangukiwa na dari? Yeye hakununua mpira. Hana risiti, hamjui muuzaji, hana ahadi yoyote aliyopewa na mtu. Mwenye nyumba naye, ambaye sakafu na kuta ni zake, hali yake ni hiyohiyo. Kwa muda mrefu sheria ya Kiingereza ingewajibu watu hawa kwamba wasio ndani ya mkataba hawana la kudai kwenye mkataba.

Kilichoibadilisha ni chupa ya kinywaji cha tangawizi. Tarehe 26 Agosti 1928, katika mji wa Paisley, Scotland, May Donoghue aliingia kwenye mgahawa na rafiki yake. Rafiki ndiye aliyelipa. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, haionyeshi ndani. Donoghue alikunywa, na iliyobaki ilipomiminwa, alidai, ikatoka konokono aliyeoza. Akaugua. Mwenye mgahawa hakuwa na mkataba naye, kwa sababu hakununua yeye. Kwa hiyo alimshtaki David Stevenson, mwenye kiwanda. Shauri lilipanda hadi Baraza la Malordi, London, na tarehe 26 Mei 1932, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, likaamuliwa kwamba mtengenezaji anayepeleka bidhaa sokoni katika hali ambayo itamfikia mtumiaji bila kukaguliwa njiani ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa mtumiaji huyo. Lord Atkin alilieleza kwa habari ya jirani: jirani yako kisheria ni yule ambaye ungepaswa kumfikiria kabla hujatenda, kwa kuwa tendo lako litamgusa. Kama konokono alikuwamo kweli, hakuna mahakama iliyowahi kuamua. Stevenson alifariki na madai yakamalizwa nje ya mahakama.

Kenya na Tanzania zimerithi mfumo huo wa sheria, na kanuni ya 1932 hutajwa hadi leo katika mashauri ya uzembe. Kwa hiyo jirani wa chini anaweza kumfuata mtengenezaji. Ila mlango huu una kizingiti kirefu kuliko ule wa duka. Huku anatakiwa kuthibitisha uzembe: kwamba kiwanda hakikuchukua hadhari ambayo kiwanda makini kingechukua. Na kuna jambo jingine ambalo mawakili hulijua na ambalo huwashangaza wateja: kwa mlango wa uzembe unadai vilivyoharibiwa na bidhaa, siyo bidhaa yenyewe. Ule mpira wa Sh. 6,000 ni wa mlango wa mkataba. Kwenye mpira haijalishi. Kwenye friji ya Sh. 1,800,000 iliyounguza jiko, inajalisha.

Uingereza yenyewe iliona kizingiti cha uzembe ni kirefu mno kwa mtu wa kawaida. Sheria yao ya mwaka 1987, iliyofuata agizo la Ulaya la 1985, inamtaka mdai aonyeshe kasoro, hasara, na kwamba kasoro ndiyo iliyoleta hasara, basi. Habari ya uzembe haiulizwi. Hasara ya mali ya nyumbani lazima ipite pauni 275. Ulaya wameandika agizo jipya mwaka 2024 linaloingiza hata programu za kompyuta katika maana ya bidhaa, na litahusu bidhaa zitakazoingia sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026. Wenye ndugu Ulaya waliofungiwa vitasa vinavyofunguliwa kwa simu wawaambie.

Lakini hata huko, na hata kwa mlango wa mkataba ambao uzembe hauulizwi, kuna kitu kimoja kisichokwepeka: lazima uonyeshe kwamba bidhaa ndiyo iliyokuwa mbovu. Kwa maoni yangu mashauri mengi ya aina hii hufia hapa, siku mbili za mwanzo, kabla wakili hajajua habari. Watu wanafagia. Ni tabia njema ya Mswahili, nyumba ikiharibika majirani wanakuja na mafagio, na kabla ya jua kuzama ushahidi wote uko kwenye jalala la mtaa.

Itazame ile nati. Kama imepasuka, ina nyuso mbili za ufa. Kwenye sehemu ya ufa ukiona doa la chokaa ya maji au rangi iliyofifia, na sehemu nyingine iking'aa kama imevunjika leo, ufa ule haukuanza usiku ule; ulianza zamani, ukawa unatembea kidogo kidogo, na usiku ule ulimaliza safari. Ukiona meno ya spana yameng'ata nati ya plastiki, muuzaji ataruka nayo: fundi alikaza mno. Na pengine atakuwa na haki, maana nati nyingi za aina hiyo hutakiwa kukazwa kwa mkono. Kama hakuna alama ya spana hata moja, hoja hiyo imekufa. Kwa hiyo usiioshe. Usijaribu kuviunganisha vipande kuona vinavyokaa, kwa kuwa nyuso za ufa zikisuguana zinafuta zilichokuwa zinasema. Tia kwenye mfuko, andika tarehe, hifadhi na kile kipande kingine kilichobaki kwenye bomba. Mdai huleta upande mmoja tu, mwingine anaachiwa fundi anayekuja kufunga mpya.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni wa huzuni. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, moto ulianza katika jiko la ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell, London, ukapanda kwa ukuta wa nje uliofunikwa kwa vitu vinavyowaka, na watu 72 wakafa. Kuta zile ndizo zilizougeuza moto wa jikoni kuwa maafa, na hilo lina kitabu chake. Lakini mpangaji wa nyumba ulimoanzia moto alinyooshewa vidole. Kilichomwondolea lawama ni mabaki: wachunguzi walipekua friji iliyoteketea, na mtaalamu mmoja akaelekeza kwenye kiungio kibaya cha waya karibu na kompresa. Ripoti ya kwanza ya tume ya uchunguzi, Oktoba 2019, ilikubali kwamba moto ulianza kwa hitilafu ya umeme ndani ya friji ile, ikasema mpangaji hana kosa. Kiungio cha waya, ndani ya majivu ya jengo la ghorofa 24.

Kwa hiyo moto ukiwa wako, ita Zimamoto, namba 114 kwa Tanzania, hata kama majirani wameshauzima kwa ndoo za maji na mchanga. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huchunguza chanzo na kuandika ripoti, na ripoti ya afisa asiye na maslahi ina uzito kuliko kiapo chako. Usiruhusu friji iondolewe kabla haijapigwa picha mahali iliposimama, pamoja na soketi, plagi na ekstensheni. Piga picha ya kibandiko cha nyuma chenye namba ya modeli na aina ya gesi. Friji nyingi za siku hizi hutumia gesi inayoandikwa R600a, ambayo hushika moto. Kama kuna fundi aliyewahi kuifungua na kujaza gesi, lazima atajwe, akitajwa na wewe ni bora kuliko akitajwa na wao.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, nayo ina maradhi yake. Karatasi ile huandikwa kwa joto, na jua na joto huyaharibu maandishi yake. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari, baada ya miezi michache haisomeki. Ipige picha siku uliyonunua, namba ya uhakiki ionekane. Kama muuzaji alikupa bei nafuu "bila risiti", ujumbe wa malipo ya simu bado ni ushahidi, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo upokelewe mahakamani. Mazungumzo ya WhatsApp na duka pia. Usiyafute kwa hasira.

Majibu utakayopewa yanajulikana. La kwanza ni umeme: "Hiyo ni Tanesco, umeme ulirudi kwa nguvu." Huenda ni kweli. Waulize majirani wa laini yako kama na wao waliunguza vitu saa ileile. Kama vilivyoungua ni vingi, peleka taarifa kwa mtoa huduma, na usiporidhika, EWURA ndiyo inayopokea malalamiko ya umeme, maji na nishati. Kama ni friji yako peke yake mtaa mzima, umeme si jibu. La pili ni kwamba bidhaa ni feki. Hili humsaidia mwenye chapa, kwa sababu hakuitengeneza yeye, lakini halimsaidii aliyekuuzia hata kidogo. Limemwongezea tatizo, kwani bidhaa bandia ni kazi ya FCC. La tatu ni kwamba garantii imekwisha. Garantii ya mwaka mmoja ni zawadi ya mtengenezaji juu ya haki zako, haizifuti. Madai ya mkataba Tanzania na Kenya yana miaka sita mahakamani, ya uzembe miaka mitatu. Ila kadiri muda unavyopita, ndivyo inavyokuwa vigumu kuonyesha kwamba kasoro ilikuwamo tangu dukani.

Gesi ina mkanganyiko wake, na kwa kuwa Tanzania imejiwekea lengo katika mkakati wa 2024 hadi 2034 la kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi, mkanganyiko huu utaingia nyumba nyingi. Mtungi una jina la kampuni. Regulator na mpira mara nyingi umenunua kwingine, na bana pengine ni waya uliosokotwa na kijana aliyekuletea mtungi kwa bodaboda. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala sakafuni, inasambaa chini ya milango, inasubiri cheche. Baada ya mlipuko swali la kwanza la kila mtu litakuwa imevujia wapi, kwa sababu jibu ndilo linalomtaja mdaiwa: valvu ya mtungi ni ya kampuni, regulator ni ya duka, kiungio ni cha aliyefunga. Hapa tena, bila vile vipande, kila mmoja atamwonyesha mwenzake.

Ukishashika ushahidi, andika barua. Eleza ulinunua nini, lini, kilifanya nini, unadai kiasi gani, unampa siku ngapi. Ambatisha picha, baki na nakala iliyosainiwa kwamba imepokelewa. Orodhesha hasara kwa ukweli. Zulia la miaka saba halilipwi kwa bei ya zulia jipya, na anayedai bei mpya kwa kila kitu humpa hakimu sababu ya kutilia shaka hata yale ya kweli. Tathmini ya fundi wa jipsamu, iwe na jina lake na saini, ina nguvu kuliko kadirio lako.

Shirika la Viwango (TBS) na FCC wapelekee taarifa, na ninasema hivyo kwa moyo wote, kwa kuwa wana uwezo wa kuingia madukani na kuondoa bidhaa sokoni, na malalamiko kumi ya mpira uleule yanaweza kukuthibitishia kasoro ambayo wewe peke yako ungeshindwa. Lakini usiketi ukisubiri TBS wakujengee dari. Fidia yako utaipata kwa mapatano au mahakamani. Mahakama ya Mwanzo husikiliza kwa Kiswahili, na tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zote Tanzania, kwa hiyo woga wa lugha hauna tena nafasi. Kenya wana kitu ninachowaonea wivu: Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, yenye kusikiliza madai yasiyozidi Sh. milioni 1 za Kenya, ikiwemo hasara ya mali, na ambayo sheria inaitaka itoe hukumu ndani ya siku 60.

Mara nyingi hutafika huko, kwa sababu duka litaita mapatano. Hapo soma unachotakiwa kusaini. Friji mpya inaletwa na Canter, vijana wanaishusha, na kati ya karatasi za kupokea mzigo ipo moja yenye sentensi kwamba umeridhika na huna madai mengine. Ukisaini hiyo umeuza jiko lako kwa bei ya friji. Kikate kifungu hicho kwa kalamu, andika "nimepokea friji tu, madai ya uharibifu wa nyumba yanaendelea," saini, piga picha. Wakikataa, friji irudi kwenye Canter. Mwenye bima ya nyumba awe mwangalifu mara mbili: kampuni ya bima ikikulipa inachukua nafasi yako ya kumdai muuzaji, na kama umeshasamehe kwa saini, umesamehe haki ambayo si yako peke yako, nao wanaweza kukataa kukulipa.

Yule mpangaji wa Sinza bado ana mtu wa chini anayegonga mlango. Jirani hataki habari za kiwanda, maji yametoka kwako. Asikubali wala kukataa kwa maneno ya haraka ngazini. Amwonyeshe nati, ampe nakala ya barua aliyoliandikia duka, na amwombe tathmini ya dari ili iingizwe kwenye madai yaleyale. Jirani akiamua kumshtaki yeye, kanuni za mashauri ya madai zinamruhusu aliyeshtakiwa kuomba mtu wa tatu aunganishwe katika shauri, na muuzaji atalazimika kuja kueleza habari ya nati mbele ya hakimu yuleyule, siku ileile, dari ya jirani na makabati ya MDF yakiwa katika jalada moja.